Makali ya Kwanza

Chumba cha juu, duka la rangi
4 Machi

Shemeji,

Salamu zikufikie pamoja na kreti tupu. Simu unayo, najua, ila kukupigia wewe ni kupigia kelele kisima. Nyundo ya miaka arobaini imekula masikio yako, na mimi sina koo la kuwatangazia wapangaji wote wa jengo hili tumeuza patasi ngapi. Kwa hiyo barua ni ileile, ndani ya kreti, chini ya maranda.

Safari hii nimepita maduka tisa. Mama Misumari amefunga. Hajafa, usishtuke. Amehamia kwa binti yake, na mwanawe amegeuza duka kuwa la vifuniko vya simu. Nilisimama mlangoni na sanduku langu la sampuli, akaniuliza nauza nini. Nikamwambia patasi. Akaniuliza patasi ndiyo nini. Huyo amesomeshwa kwa patasi zetu mpaka chuo, Shemeji.

Mzee wa Vitasa amechukua ishirini za inchi moja na kumi za nusu inchi. Wengine wamechukua mbilimbili, tatutatu, kwa kunionea huruma. Fomu za oda zimo kwenye bahasha.

Sasa nina neno, na usinune. Tangu enzi za baba mkwe patasi ya Chapa Kobe inatoka karakana haina makali. Imefuliwa, imekaa umbo lake, lakini ukingo wake haukati hata uzi. Muuzaji dukani ndiye anayemuuliza seremala anachonga mbao gani, kisha anamtilia makali ya kwanza palepale, kwenye kinoo cha kaunta. Nimewaza tu: tukizitia makali hukohuko kabla ya kuzifunga, itakuwaje? Wauzaji wa siku hizi ni watoto wa wale wauzaji. Kinoo wanakiegemeza mlangoni upepo usiufunge.

Dada yako mzima. Anasema umekonda, ingawa hajakuona tangu mwaka jana. Sijui anakupima kwa mwandiko.

Shemeji yako,
Miguu


Karakana
19 Machi

Shemeji Miguu,

Barua nimeisoma mara mbili, na nimenuna kidogo tu.

Patasi ya mbao laini inataka makali membamba. Ya mbao ngumu inataka makali manene. Ukiipa ile ya kwanza kazi ya hii ya pili itamegeka mdomo siku hiyohiyo. Mimi huku kwenye makaa nitajuaje ni nani atakayeishika? Na hukumkuta mpakizi wetu wa zamani aliyeingiza mkono kwenye kreti ya patasi zilizorudi kutoka duka moja zikiwa zimeshanolewa. Vidole vyake viwili havikukunjika tena mpaka anazikwa. Siku ile baba alisema chuma ni chetu, makali ni ya mwenye kazi. Neno la baba silivunji kwa sababu mtoto wa Mama Misumari ni mvivu.

Tena kama makali yangekuwa shida, maduka yangelalamika. Miaka kumi sasa hujaniletea lalamiko hata moja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usijikune, sikukusema wewe unayetembea.

Oda zinapungua, hilo naliona. Mwaka juzi tanuri lilikuwa linawaka siku sita kwa wiki, sasa siku nne. Watu tisa wananitazama usoni kila Ijumaa kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Wiki iliyopita walikuja watu wa Duka Kuu, lile lenye matawi ishirini na matatu. Mama mmoja mwenye viatu vyeupe alisimama kwenye vumbi la makaa saa nzima bila kulalamika, akapiga picha muhuri wetu wa kobe. Wamekuja kutazama tu. Usiwaze.

Msalimie mdogo wangu. Mwambie ninakula.

Shemeji yako


Nyumba ya wageni, karibu na soko la mbao
7 Aprili

Shemeji,

Ulivyonitajia Duka Kuu, kesho yake nikaingia kwenye tawi lao la hapa nione. Ni pazuri, nisidanganye. Baridi safi, taa, sakafu unajiona mpaka soli. Vifaa vyote vimefungwa kwenye plastiki na kutundikwa. Nikatafuta muuzaji. Kulikuwa na dada mwenye fulana nyekundu, nikamuuliza patasi ipi inafaa mbao ngumu. Akanijibu safu ya kumi na nne. Na kweli zilikuwa safu ya kumi na nne.

Wanauza kwa simu pia. Unabonyeza picha, mtu wa pikipiki anakuletea mlangoni, na patasi imekufikia bila kupita kwa mtu hata mmoja aliyewahi kuishika.

Watu wanaokuja kutazama tu hawapigi picha muhuri. Kama kuna jambo niambie, mimi si mgeni, nimeoa kwenu miaka ishirini na sita sasa.

Na mimi ninalo langu la siku nyingi kuhusu haya maduka, nilitaka nikueleze leo. Mkono umechoka. Nikija tutaongea.

Miguu


Karakana
2 Mei

Shemeji,

Nimesaini. Nimekaa na hii barua siku nne nikitafuta pa kuanzia, nikaona nianze na hilo.

Wanachukua patasi elfu tatu kwa mkupuo. Hiyo ni moto siku sita kwa wiki na hakuna mtu wa kumrudisha nyumbani. Sharti lao ni kwamba wao peke yao ndio wauze, madukani mwao na kwenye simu, kwa hiyo maduka yako madogo ndiyo basi. Kuna sharti jingine la muhuri: wanaweza kuutumia kwa miaka mitano hata kwa vifaa vya mtengenezaji mwingine, kama mimi nikishindwa kuwaridhisha. Mwanasheria alilisoma harakaharaka, na mimi nilikuwa nikifuata midomo yake. Nimeona ni sharti la kujihami tu. Nitashindwa vipi kuridhisha?

Kwa hiyo hakuna tena njia ya kutembea. Nimeona aibu kukuambia, ndiyo maana Machi nilisema wanatazama tu. Walikuwa wameshaleta karatasi. Umetutembezea patasi miaka ishirini na miwili, sasa pumzika, kaa na dada yangu, mzeeke pamoja. Sanduku la sampuli lirudishe ukipata nafasi, Duka Kuu wanataka vipimo.

Usinichukie.

Shemeji yako


Nyumbani
11 Mei

Shemeji,

Sanduku hilo. Patasi nane, randa moja, tezo moja. Kinoo nimebaki nacho, nilikinunua mwenyewe.

Sijakuchukia. Una watu tisa.

Miguu


DUKA KUU
Ofisi ya Ununuzi
14 Agosti

Ndugu Msambazaji,

YAH: MALALAMIKO YA WATEJA, PATASI CHAPA KOBE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tangu bidhaa yako iingie sokoni mwezi Juni, wateja wanne kati ya kila kumi wameirudisha. Hapa chini ni baadhi ya maoni waliyoandika kwenye duka letu la simu:

“Nimeletewa kipande cha chuma chenye mpini.” Nyota moja.

“Nimejaribu kukata sabuni, imegoma.” Nyota moja.

“Mpini mzuri sana. Naitumia kufungulia makopo ya rangi.” Nyota tatu.

Unaombwa kutoa maelezo kwa maandishi kwa nini bidhaa imetufikia ikiwa butu.

Wako katika ushirikiano,
Ofisa Ununuzi, Vifaa vya Mkono


Karakana
21 Agosti

Kwa Ofisa Ununuzi,

Bidhaa haikuharibika. Patasi ya Chapa Kobe haijawahi kutoka hapa na makali tangu baba yangu alipoanza kuifua. Muuzaji wenu anatakiwa amuulize mteja anachonga mbao gani, kisha amtilie makali kwenye kinoo. Ni kazi ya dakika tano. Kama hamna vinoo niambieni nitawaletea, na nitawaandikia namna ya kuuliza.

Maduka yote yalikuwa yanafanya hivyo na hakuna aliyelalamika.

Mhunzi


DUKA KUU
Ofisi ya Ununuzi
30 Agosti

Ndugu Msambazaji,

YAH: MAJIBU YA BARUA YAKO

Tumepokea maelezo yako. Tunapenda kukufahamisha kuwa maduka yetu hayana muuzaji kwa maana unayoitumia. Mteja hujihudumia. Kuhusu duka la simu, mwenye pikipiki haruhusiwi kufungua kifurushi.

Tulifanya jaribio la kuweka karatasi ya maelekezo ndani ya plastiki katika matawi mawili. Imebainika kuwa karatasi hutupwa pamoja na plastiki.

Kwa barua hii unapewa siku sitini kuleta bidhaa yenye makali. Marejesho yasiposhuka, Duka Kuu litatumia kipengele cha tisa cha mkataba na muhuri wa Chapa Kobe utagongwa kwenye bidhaa za mtengenezaji mwingine.

Wako katika ushirikiano,
Ofisa Ununuzi, Vifaa vya Mkono


Karakana
3 Septemba

Shemeji,

Nimekufungia barua zao zote uzisome mwenyewe. Wakininyang'anya muhuri tanuri linazimwa, hakuna atakayenunua chuma cha mhunzi asiye na jina.

Nieleze kitu kimoja. Maduka arobaini na moja, watoto wa wauzaji, vinoo vimeegemezwa milangoni, umeniandikia mwenyewe. Basi ilikuwaje hakuna seremala aliyerudisha patasi hata moja miaka yote hiyo? Au walikuwa wanarudisha, na wewe unafukia malalamiko njiani ili mimi nisijisikie vibaya? Kama ulinificha, Shemeji, umenimaliza. Nimesaini mkataba nikiamini kitu changu kinapendwa.

Nijibu haraka.

Shemeji yako


Nyumbani
12 Septemba

Kaka,

Ni mimi mdogo wako. Mume wangu hajui kama naandika, ameenda kutembea. Ndiyo kazi yake siku hizi, anazunguka mtaa na kurudi. Barua yako aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya godoro upande wake, na tangu siku hiyo hajasema neno lolote kuhusu karakana.

Nitasema mimi, maana mkiachwa wawili nyie mtakufa na heshima zenu.

Alikuwa ananoa yeye, kaka. Zote. Miaka kumi na moja.

Wauzaji wa zamani walipoanza kufa na kuhama, warithi wao hawakujua kunoa. Kwanza akawafundisha, wakawa wanaharibu. Basi akaanza kufanya mwenyewe. Nimesafiri naye mara mbili, nimeona kwa macho yangu. Anafika na kreti, anaomba nafasi nyuma ya duka, anageuza kopo la rangi anakaa. Kabla ya kugusa kinoo anauliza ni mafundi gani wananunua hapa, wanachonga nini, ghala la mbao la karibu linaleta mbao za aina gani. Halafu ananoa mpaka kreti iishe, arobaini kwa siku, nyingine membamba, nyingine nene. Kila moja anaivisha kadibodi na uzi mtu asikatwe, na kwenye kadibodi anaandika L au N. Laini, ngumu.

Maduka yakadhani wewe ndiye uliyemtuma anoe. Wewe ukadhani maduka ndiyo yanayonoa. Ndiyo maana hukusikia lalamiko.

Utauliza kwa nini hakukuambia. Alianza kukuambia Machi, ukamjibu chema chajiuza. Nilikuwepo wakati anaisoma. Alicheka kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kwenye foleni na hataki ugomvi. Anakuogopa, si kwa ubaya. Tangu alipokuja kuposa na wewe ukamhoji kwa baba saa mbili nzima, hajawahi kukuambia kuwa umekosea.

Mkono wake wa kulia haufungi ngumi tangu mwaka jana, na alinoa nao hivyohivyo mpaka ulipomrudisha nyumbani. Shati namfunga vifungo mimi. Daktari ametutajia mishipa ya kiganja, akauliza anafanya kazi gani, akajibu muuzaji. Daktari akaandika muuzaji. Ile barua ya Mei uliyoona fupi, aliiandika kwa siku mbili.

Nina hasira na wewe na nina hasira na yeye, na sijui nianze na yupi. Ila usimwandikie tena maneno ya kufukia.

Mdogo wako


Karakana
20 Septemba

Shemeji,

Nisamehe. Dada yako... hapana, dada yangu, mke wako, nimechanganyikiwa hata na kalamu. Ameniambia. Usimgombeze.

Nimejaribu kukumbuka kila mara uliponikaribia na neno hilo, na kila mara nilipokukata. Ni mara nyingi. Nilikuwa naona nalinda neno la baba, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unalilinda, na kopo la rangi.

Hali ni hii. Duka Kuu wamerudisha kreti sita. Nimewaweka mafundi wote tisa kwenye kunoa. Wa kwanza walitumia mashine ya kusagia, makali yakawa ya bluu. Wewe unajua maana yake: chuma kimeungua, kimerudi laini, bora kingebaki butu. Mia tatu zimekwenda hivyo. Kisha nikawapa vinoo. Wanasugua, wanapima kwa kidole gumba, wanasugua tena. Moja inatoka na makali, nyingine imepinda kama kucha, na yule aliyefanya zote mbili hajui alifanya nini tofauti. Wanajua moto, wanajua nyundo. Hili hawalijui.

Siku zimebaki thelathini na tisa. Njoo. Chumba cha baba kipo na kitanda chake. Njoo na mdomo tu, mikono tunayo jozi tisa. Kaa kwenye kiti, uangalie, useme hivi sivyo, hivi ndivyo.

Sijawahi kukuomba kitu.

Shemeji yako


Nyumbani
6 Oktoba

Shemeji,

Anayeandika ni mke wangu, mimi nasema. Usihofu, nimemwambia asiongeze lake, ingawa hapa ananikazia macho.

Nilipakia begi ili nije. Nikalifungua tena. Nitakwambia sababu, na safari hii nitaisema yote.

Kunoa hakufundishwi kwa macho. Mimi nilifundishwa na Mama Misumari, na wiki ya kwanza aliniambia nifumbe macho. Patasi ikilala vibaya kwenye kinoo inakwaruza. Ikilala sawa sauti inakuwa nyembamba, halafu inakaribia kupotea, na pale inapokaribia kupotea ndipo unaacha. Ukipitiliza umeharibu, ukiwahi haijakaa. Ni sikio, Shemeji. Na kule kwako kuna watu tisa ambao nyundo imewala masikio kama ilivyokula yako. Mkuu wa tanuri ukimwita lazima umrushie mkaa. Nitakaa kwenye kiti nimwambie asikilize nini?

Nikamjaribu dada yako. Yeye masikio anayo, anasikia hata nisichosema. Nilimshika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wangu wa kushoto, tukavuta pamoja. Wiki nzima. Siku ya Jumamosi alitoa moja nzuri. Moja. Akatoka nje kulia, si kwa furaha.

Tukaona basi angalau tukajaribu kunoa hata moja palepale zinapouzwa. Jumatatu tulipanda basi mpaka Duka Kuu, na kinoo kwenye mkoba wake. Safu ya kumi na nne. Kobe zetu zinaning'inia pale, Shemeji, na zimepunguzwa bei, kuna alama ya manjano. Nilisimama kando. Akaja bwana mmoja, seremala, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Akatoa patasi kidogo kwenye plastiki, akapitisha kidole gumba, akairudisha. Nikamuuliza, ndugu yangu, unachonga mbao gani? Alinitazama kama nimemwita kwa jina lake. Akasema viti, mbao ngumu. Nikamwambia nipe dakika tano.

Tukakaa chini, mimi na dada yako, kwenye ile sakafu ya kujiona. Yeye kashika, mimi namwongoza. Watu walianza kusimama. Mama mmoja akachukua patasi akauliza na hii yake ya mbao laini itakuwa lini. Yule dada wa fulana nyekundu alikuja, akasimama na yeye, akasema hajawahi kujua zinafanyiwa hivyo. Ya kwanza ikatoka. Seremala akanyoa nayo vinyweleo vya mkono, akaenda nayo kulipa. Nilijisikia vizuri sana, nakiri. Nilisahau kila kitu.

Ya pili tulikuwa katikati alipofika mlinzi. Kijana mstaarabu, aliniita baba, akamwinua dada yako kwa mkono. Akasema hairuhusiwi kufungua bidhaa wala kukaa chini, na kinoo ni hatari kwa wateja. Alitusindikiza mpaka mlangoni akiomba radhi njia nzima. Ungekuwa ugomvi ningejua la kufanya.

Moja na nusu, Shemeji. Kwa siku nzima, watu wawili na nauli ya basi. Wewe una elfu tatu.

Sikukuficha ili nikumalize. Nilikuwa naona fahari. Naingia duka, nanoa, natoka, na kwenye barua yako unasema kitu chetu kinapendwa. Nilitaka uendelee kusema.

Ukitaka nije tu tukae, nitakuja. Lakini si kwa kazi.

Miguu

(Mimi naongeza langu: analia huku anasema halii. Mdogo wako.)


DUKA KUU
Ofisi ya Ununuzi
31 Oktoba

Ndugu Msambazaji,

YAH: KUTEKELEZWA KWA KIPENGELE CHA TISA

Siku sitini zimekwisha. Kuanzia tarehe ya barua hii patasi Chapa Kobe zitaletwa na mtengenezaji mwingine zikiwa na makali tayari. Kreti ya majaribio imeshauzwa na tunafurahi kukujulisha kuwa wateja wameipokea vizuri (wastani wa nyota nne na nusu). Maoni mengi yanaeleza kuwa Kobe “imerudi kuwa kama zamani”.

Unaombwa kutuma mchoro halisi wa muhuri, kwa kuwa uliopo katika picha yetu una vumbi la makaa.

Tunakushukuru kwa ushirikiano wako.

Ofisa Ununuzi, Vifaa vya Mkono


Karakana
22 Novemba

Shemeji,

Tanuri nimelizima Jumatano ya wiki juzi. Watu wanane wamekwenda. Mkuu wa tanuri bado anakuja kila asubuhi, anafagia, anakaa, mchana anaondoka. Nimemwambia hakuna kazi, ila sijui kama amesikia.

Nilinunua moja ya hizo Kobe mpya. Nilimtuma jirani, mimi mwenyewe nisingeweza. Nilikaa nayo siku nzima nikitafuta kasoro. Ina makali, Shemeji. Nimeikatia karatasi, nimeikatia mbao. Kobe amegongwa sawasawa, miguu yote minne. Chuma chake ni laini, nimekipigia tupa nikajua, wiki mbili kitakuwa kimelala. Lakini mtu akiona kimelala atabonyeza simu aletewe kingine. Hatajua kwamba kuna kunoa, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Niliiweka juu ya meza nikakosa hata mtu wa kumtukana.

Na leo kumetokea jambo, ndiyo maana naandika.

Asubuhi amekuja dada mmoja, seremala, anatengeneza milango. Kaja kwa baiskeli. Ana patasi yetu ya zamani, inchi moja na nusu, mpini umeshika rangi ya jasho, ilikuwa ya baba yake. Ameiangusha kwenye zege mdomo ukavunjika kona. Sehemu iliyovunjika nilimsagia kwa tupa, hiyo naiweza. Akaishika, akapitisha kidole, akanirudishia. Nilimfuata midomo. Aliniuliza, si hapa ndipo zinapotengenezwa? Nikasema ndiyo. Akasema basi nitilie makali, mzee, ni mbao ngumu, nina mlango wa kumaliza leo.

Niliijua hiyo patasi. Ni yangu, niliifua mimi mwaka ambao baba alinipa nyundo kubwa. Nimetengeneza patasi labda laki moja katika maisha yangu, na sijawahi kuitia makali hata moja. Hilo sikukuandikia Septemba. Nilisema mafundi hawajui. Sikusema na mimi sijui. Baba hakunifundisha, alisema si kazi yetu, na mimi nikaona ni heshima kutojua.

Nikachukua kinoo kimoja cha vile nilivyowapa mafundi. Nikafumba macho kama ulivyosema. Nikailaza nikavuta. Nikavuta tena, polepole, nikisubiri hiyo sauti nyembamba inayokaribia kupotea. Sikusikia kitu. Nikakaza zaidi. Hakuna. Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama mikono, na ameshajua.

Nilitaka kumwelekeza kwenu. Ni safari ya siku mbili, na mkono wako najua ulivyo.

Nimemwambia angoje kidogo. Amekaa kwenye benchi la nje, kaegemeza baiskeli, patasi iko mapajani mwake. Anadhani nimeingia ndani kutafuta kinoo kilicho bora zaidi. Nimeingia kukuandikia wewe.

Shemeji yako